Robo Saa ya Ami Hafidh

Yai la kuchemsha likifungiwa ndani ya sanduku la karatasi nene lingali na moto, hutoa harufu ya peke yake, harufu ya yai na karatasi iliyolowa mvuke. Mimi huianza siku yangu kwa harufu hiyo. Jiko ni langu. Nasema langu kwa sababu sikurithi wala sikupewa na mtu: nilirudi Unguja na begi moja, diploma ya usimamizi wa mahoteli niliyoipata London, na kichwa changu. Leo wapishi kumi na wanane wananiamkia mimi. Magari mawili yenye jina langu ubavuni hupeleka masanduku uwanja wa ndege kabla jua halijatoka, na marubani wa zile ndege ndogo za visiwani watakwambia kwamba chakula changu hakijawahi kuchelewa hata siku moja. Diploma iko ukutani, ndani ya fremu ya mninga. Wageni husimama wakaisoma, na sijawahi kumwambia mtu aache.

Mwezi uliopita, katikati ya harufu hiyo, nililetewa kifurushi kutoka Uingereza. Ndani mlikuwa na madaftari matano ya jalada jeusi, yamefungwa kwa kamba ya jikoni, na barua fupi ya mtu nisiyemjua, mwangalizi wa msikiti mdogo huko mashariki ya Uingereza. Aliandika kwamba Hafidh amefariki, kwamba wamemwosha na kumzika kwa heshima, na kwamba juu ya madaftari marehemu alikuwa ameandika jina langu kamili. Walilitafuta jina hilo kwenye mtandao, wakaliona kwenye picha ya gari langu. Sikushangaa kwamba nilipatikana kwa urahisi. Nilichoshangaa ni kwamba mtu yule alikuwa bado analikumbuka jina langu.

Kwetu sisi jina lake lilikuwa halijatajwa tangu nina miaka tisa.

Tulikuwa tukikaa Barking, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilinuka siki. Baba alifanya kazi ghalani, shifti ya mchana. Mama alisafisha ofisi za mjini, shifti ya usiku. Tulitoka Pemba mimi nina miaka minne, kwa mambo ya siasa, na miaka yote ile tulikuwa tukingoja barua ya uhamiaji ya kutuambia kama tutabaki au tutarudishwa. Barua ile ilikuwa kama mtu wa tano ndani ya nyumba. Mlango ukigongwa, mama aliweka kidole mdomoni. Simu ikilia na anayepiga asiseme kitu, baba alikaa akiitazama mpaka chai yake ikapoa.

Wa nne ndani ya nyumba alikuwa Ami Hafidh.

Alikuwa mdogo wake babu yangu, wa mwisho kuzaliwa, kwa hiyo baba alimwita Ami, na mimi kwa kumsikia baba nikamwita Ami vilevile. Aliondoka Zanzibar kijana, baada ya mapinduzi, akapotelea Uingereza miaka mingi bila ya mtu kujua yuko wapi. Kisha siku moja akabisha hodi kwetu na sanduku la bati, mzee mwembamba mwenye viatu vyeusi vya kijeshi vilivyong'arishwa mpaka unajiona. Baba alimpa chumba kidogo, kile cha dirisha linalotazama kituo cha basi. Mimi nikahamia sebuleni, nikalala kwenye kochi, na nakiri kwamba hilo peke yake lilinitosha kumwekea jicho.

Lakini si mimi peke yangu. Watu wetu wa London wakati ule walikuwa wakishukiana kama walivyokuwa wakisalimiana. Baba na wenzake, wanaume kama kumi na wanne hivi, walikuwa wakikutana kila Jumapili kwetu au kwa mwingine, wakila wali na kuzungumza mambo ya nyumbani. Jumatatu moja zikaja habari kwamba kaka wa mmoja wao amekamatwa kule Pemba, na waliomkamata walimsomea maneno yaliyosemwa Jumapili ya nyuma yake hapo hapo Barking, juu ya busati letu.

"Nani kapeleka maneno?" Swali lile liliingia nyumbani na halikutoka tena.

Bi Rukia ndiye aliyelijibu wa kwanza. Bi Rukia alikuwa shoga yake mama, alikuwa akiuza vitenge na udi nyumbani kwake, na hakuna harusi, hitima wala ugomvi uliompita. Alikaa jikoni kwetu, kanga begani, akamwambia mama kwa sauti ambayo aliiona ya chini:

"Shoga, mie simsingizii mtu. Lakini huyo ami yenu, sote tunangoja barua, yeye ana pasipoti ya Kiingereza. Kaipata wapi?"

"Kaja zamani, Rukia."

"Zamani kafanya nini? Mume wangu kamuuliza, 'Ulikuwa kazi gani miaka yote hiyo?' Kamjibu, 'Nilikuwa jikoni.' Jiko gani hilo? Halina jina, halina mji? Na Kiingereza chake umekisikia? Anaongea kwa puani kama Mmarekani. Na hivyo viatu. Jiko gani linavalisha watu viatu vya askari?"

Mama akaendelea kukatakata mchicha. "Mpishi kweli huyo. Muonje sambusa zake."

"Mpelelezi naye anakula, shoga. Atakosaje kujua kupika?"

Mimi nilikuwa chini ya meza nikijifanya nafanya hesabu za shule. Na hapa lazima niseme jambo bila ya haya: darasani nilikuwa wa kwanza. Mwalimu wangu aliwaambia wazazi wangu kwamba sijawahi kukosea kunakili kitu ubaoni. Nikasema moyoni, kama kuna mtu wa kumgundua mpelelezi, basi ni mimi.

Nikaanza kumtazama, na mtu ukimtazama kwa nia hiyo, kila afanyalo huwa na maana mbaya. Alikuwa akinikunjia masanduku ya karatasi kwa ajili ya chakula cha shule, pembe zimekaza kama za dukani. Ndani yai la kuchemsha, mkate, kipande cha keki na tishu iliyokunjwa pembe tatu. Wenzangu walikuwa na mifuko ya plastiki. Mimi nikajiuliza, mtu kajifunza wapi kufunga vitu hivi? Mikono ya koti lake wakati mwingine ilikuwa na unga mweupe. Nikamwambia Bi Rukia. Akajipiga kifuani, "Unga mweupe! Ya Rabi!" na hakuuliza unga gani.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa ni kigoda. Mama alitoka kwenda kazini saa nane na dakika hamsini ya usiku, kwa saa za Kiingereza. Baba aliingia saa tisa na dakika tano. Katikati ilikuwa robo saa. Na kila siku ya kazi, katika robo saa ile, Ami Hafidh alichukua kigoda cha jikoni akakiweka kwenye korido, mbele ya mlango. Alikaa na koti lake mwilini, mfuko wake mapajani, viatu vimefungwa, macho kwenye saa ya mkononi. Hakuwasha televisheni. Hakusema nami ila nikimsemesha.

"Ami, why are you sitting there?" Sisi watoto wa London tulikuwa tukiulizwa kwa Kiswahili tukajibu kwa Kiingereza, na tukiuliza, tulikuwa tunauliza kwa Kiingereza vilevile.

"Nangoja, mama."

"Waiting for what?"

"Baba yako aingie."

Lifti ikifika na mlango ukafunguka, alitazama saa, akatoa daftari jeusi mfukoni, akaandika kitu kifupi, akampa baba salamu, akatoka. Hata dakika moja hakukaa. Baba akichelewa kwa sababu ya basi, alikaa palepale, nusu saa, saa nzima, hasogei, anatazama saa. Mimi nilikuwa nikimchungulia kutoka kwenye kochi, blanketi mpaka puani. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba anahesabu nyendo za baba yangu.

Nilihitaji lile daftari. Siku moja ya likizo alikwenda Peckham kutafuta mihogo na ndizi mbichi, mama akiwa amelala baada ya shifti. Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda, halikufungwa kwa kufuli. Siku zile sikujiuliza ni mpelelezi gani anayeacha sanduku lake wazi. Daftari lililokuwa juu lilikuwa limechoka, karatasi zimeiva rangi ya chai. Nikalifungua katikati. Kurasa zote zilikuwa na mistari ya namna moja, kwa mwandiko mdogo ulionyooka:

Wa kwanza katoka 1.10, karudi 9.05. Watu 14.
Wa pili katoka 8.50, karudi 5.00. Watu 14.
Wa tatu katoka 4.45, karudi 1.25. Watu 13.

Baba alikuwa akitoka kwenda ghalani saa saba na dakika kumi za mchana, yaani moja na kumi ya Kiingereza. Alirudi tisa na tano. Mama alitoka nane na hamsini, akarudi saa tano ya alfajiri. Na watu kumi na wanne! Ndio wale wale wa Jumapili, wanaokaa juu ya busati.

Mstari wa tatu haukufanana na mtu yeyote niliyemjua, kwa hiyo niliuacha. Nataka hilo lisomwe vizuri, kwa sababu nimelificha muda mrefu: niliuacha. Nikachukua karatasi safi ya shule, nikanakili mistari miwili ya kwanza kwa mwandiko wangu mzuri, na kwa kuwa napenda kazi iliyokamilika, nikaongeza kile ambacho mzee yule, kwa maoni yangu, alikisahau. Mbele ya kila saa ya mchana na ya jioni niliandika pm, na mbele ya saa tano ya mama nikaandika am.

Ili jambo hili lieleweke lazima nieleze desturi ya nyumba yetu. Nilipoanza shule, mama aliniambia shule inaanza saa tatu, kama tunavyosema sisi, na mimi nikamwambia mwalimu kwamba mama kasema shule inaanza saa tatu, na nikabishana naye. Mama aliitwa shuleni. Aliporudi akapiga marufuku: ndani ya nyumba hii, mpaka mtoto huyu amalize masomo, saa ni za Kiingereza tu. Ukisema nane ni nane ya kengele ya kanisa. Baba akacheka lakini akatii. Kwa hiyo nilikua nikijua Kiswahili chote cha nyumbani isipokuwa saa zake. Mtu wa kwetu anayeanza kuhesabu saa jua linapochomoza, mimi sikujua kama yupo.

Karatasi nilimpa Bi Rukia. Sikumpa mama, kwa sababu mama angeniuliza nimeitoa wapi.

Ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa amechukua zamu ya ziada ya mchana, atarudi alasiri. Baba alikaa sebuleni pamoja na wanaume wawili wakubwa na Bi Rukia, ambaye hakupaswa kuwepo lakini nani angemtoa. Nililetewa amri nikae bafuni. Niliuacha mlango wazi upana wa kidole.

Ami Hafidh aliitwa akaja na taulo la jikoni begani.

Baba alimpa karatasi yangu. "Ami, hizi saa ni za nani?"

Aliisoma. Kisha akauliza, "Nani kaandika hii?"

"Hilo si lako," akasema Bi Rukia. "Jibu swali la mwanao."

Aliinua macho. Hakumtazama Bi Rukia wala baba. Alitazama upenyo wa mlango wa bafuni. Yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia mwandiko kila jioni; tisa yangu ina mkia uliopinda, alikuwa akiniambia niunyooshe, nami nilikuwa sitaki.

"Saa hizi zimo katika daftari lako au hazimo?" baba akauliza.

"Zimo."

"Ni za nani?"

"Si zenu."

"Anayetoka saa moja na kumi, karudi tisa na tano, hapa Barking ni nani kama si mie?" baba akasema. "Mamangu yuko Pemba, Ami. Mamangu mzee. Wakienda wakamgongea mlango usiku kwa sababu yako! Niambie basi za nani, nikuamini. Nataka kukuamini."

Ami alikunja taulo mara mbili, akaliweka juu ya meza. "Siwezi kusema, mwanangu. Nilitia saini."

Mmoja wa wale wanaume akasimama. "Mmesikia? Katia saini! Kwa nani? Kwa serikali ya wapi?"

"Mimi nilikuwa jikoni tu," akasema Ami.

"Na mie nilikuwa mfalme," Bi Rukia akasema. "Jikoni!"

Baba alimwambia afungashe. Alimwambia kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kama angempigia kelele. "Nawapeleka wageni. Nikirudi nisikukute, tafadhali." Wakatoka wote wanne, lifti ikawachukua.

Nilibaki bafuni, nimepanda juu ya ukingo wa beseni. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa naogopa. Nilimsikia akifungasha, dakika kumi hazikufika. Nikasikia sanduku la bati likiburutwa koridoni. Nikangoja mlango ufunguke. Haukufunguka.

Nilichungulia. Alikuwa amekaa mbele ya mlango, koti mwilini, safari hii juu ya sanduku lake. Alikuwa anatazama saa.

Kwa nini haondoki? Kaambiwa aondoke. Anangoja nini? Nilifikiri anamngoja baba amdhuru. Nilifikiri wenzake wanakuja. Nilihesabu vigae vya bafuni kwenda na kurudi sijui mara ngapi, na yeye hakusogea. Alisema mara moja tu, bila ya kugeuka: "Mama, kama una njaa kuna sanduku lako juu ya meza." Sikutoka. Ilipita zaidi ya saa nzima. Mwishowe lifti ikaguna, ufunguo ukalia, na mama akaingia na mfuko wa plastiki wa dukani, uso umechoka.

"Ami? Kuna nini? Sanduku la nini hili?"

Alisimama, akatazama saa, akatoa daftari, akaandika. "Mtoto yuko bafuni," akasema. "Hajala." Kisha akatoka.

Hatukumwona tena. Baba alifariki miaka kadhaa baadaye, tukiwa tumeshapata barua yetu ya kubaki, bila ya kulitaja jina lake. Mimi nilisoma, nikapata diploma, nikarudi nyumbani nikajenga nilichojenga. Na watu wakiniuliza wazo la masanduku ya ndege nimelitoa wapi, huwa nasema: kichwani mwangu.

Basi siku ya kifurushi nilimpelekea mama madaftari. Anakaa nami, ghorofa ya chini, chumba chenye ubaridi wa mashine, sikumnyima kitu. Alivaa miwani, akafungua daftari la kwanza, la karatasi rangi ya chai. Alisoma ukurasa mmoja tu.

"Mbona hizi saa zetu?" akasema.

"Saa zetu vipi?"

"Saa zetu, za Kiswahili. Wa kwanza katoka saa moja na dakika kumi. Asubuhi hiyo. Karudi saa tisa na dakika tano, alasiri. Mtu wa miaka ile ya zamani angeandika vipi?" Akainua uso. "Ile karatasi Rukia aliyoipeleka ilikuwa na pm. Baba yako kanionyesha. Nani aliitia pm?"

Nina miaka arobaini na ushei na wapishi kumi na wanane. Nilitazama sakafu.

"Mimi."

Mama alivua miwani.

Katikati ya daftari la pili mlikuwa na gazeti dogo lililokunjwa, la kurasa nne, la kuagia kikosi. Nimelisoma na nimempigia simu yule mwangalizi wa msikiti, na mengine nimeyatafuta mwenyewe, kwa sababu mtu aliyesoma habahatishi. Kule mashariki ya Uingereza palikuwa na kambi ya ndege, na ndani yake kikosi kimoja cha Wamarekani ambacho hakikubeba mabomu wala hakikupigana na mtu. Ndege zake zilikuwa ofisi. Ndani mlikaa jenerali na wasaidizi wake, na simu, na ramani, na redio za kufika mbali. Kazi yao ilikuwa moja: ikiwa siku moja vita vikubwa vitakuja, na makao makuu ya chini yakateketea pamoja na wote waliomo, awepo mtu mmoja juu ambaye bado anaweza kutoa amri. Wenyewe walitaraji kwamba maadui, wakijua yupo mtu juu, hawatathubutu kuanza. Katika miaka ya mwanzo walikuwa wakipokezana usiku na mchana, na sheria ilikuwa kwamba ndege iliyo juu haishuki mpaka ya zamu iwe imeshapaa. Baadaye wakaamriwa kungoja chini, mafuta yamejaa, watu wamelala na viatu karibu na kitanda. Kisha uhasama wa mataifa makubwa ukapoa, ndege zikarudishwa kwao, kikosi kikavunjwa. Katika ukurasa wa mwisho wamewashukuru raia waliofanya kazi kambini. Jina la Hafidh limo, wa tatu kutoka chini. Mpishi.

Alikuwa akiwapakia chakula. Kila safari watu kumi na wanne, kumi na watatu, masanduku ya karatasi yenye yai na mkate na keki. Alihitaji saa zao ili masanduku yawe mlangoni kabla injini hazijawashwa, na kwa kuwa saa hizo zilikuwa siri, walimtilisha saini asiziseme. Aliziandika kwa saa za kwao, mtu wa Pemba, na nadhani hakuna Mmarekani hata mmoja ambaye angeweza kuzisoma. Pembeni ya mistari ameandika mambo ya jikoni: "Huyu hali nguruwe, atiwe mayai mawili." "Jenerali kaomba pilipili." Kikosi kilivunjwa, ndege zikaondoka, na yeye bado hakusema, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba saini imekwisha. Ule unga mweupe, mwangalizi wa msikiti kaniambia, ulikuwa wa tanuri la mikate. Ndiko alikokuwa akifanya kazi usiku alipokuwa kwetu.

"Na maneno ya Jumapili?" nikamuuliza mama. "Nani alikuwa akiyapeleka basi?"

"Rukia alikuwa akipiga simu kwao kila Jumapili jioni," mama akasema. "Saa nzima. Unafikiri alikuwa akizungumza bei ya vitenge?" Kisha akasema, "Na mie nilijua anapiga." Akarudisha miwani usoni.

Madaftari manne ni ya kambini. La tano ni la Barking, na humo tumo sisi, kwa saa za Kiswahili, kama nilivyoogopa.

Mama katoka 2.50. Baba karudi 3.05. Nimetoka 3.06.
Mama katoka 2.50. Baba karudi 3.05. Nimetoka 3.05.
Mama katoka 2.50. Baba karudi 4.20, basi bovu. Nimeonywa tanurini.
Mama katoka 2.50. Baba karudi 4.00. Nimeonywa mara ya pili.

Inaendelea hivyo kurasa na kurasa. Mama alizisoma zote kwa sauti, kidole juu ya kila mstari, kama anayesoma Kurani. Wakati ule yeye na baba walikuwa na hofu kubwa, aliniambia, kwamba mtu wa serikali atamkuta mtoto wa miaka tisa peke yake ndani ya fleti na atamchukua. Walikuwa wakililia lile pengo la dakika kumi na tano na hawakuwa na wa kumwomba. "Hatukumwomba," mama akasema. "Alikaa tu na kigoda chake. Nikadhani ana ugonjwa wa kuwahi."

Mstari wa mwisho ni wa Jumapili ile. Nimeuweka ukutani, kando ya diploma, karatasi yenyewe, haikunakiliwa na mtu. Wageni wakimaliza kuisoma diploma huuliza ile nyingine ni ya chuo gani.

Baba katoka 7.50 na wageni. Mama karudi 9.15. Zamu imepokewa. Nimeshuka.